Mafuta Utayapata Wapi? Historia ya Kuchagua Injini ya Boti, Kutoka Gondokoro hadi Hai Malakal

Mwaka jana binamu yangu anayeishi Melbourne, Australia, alituma nyumbani kwetu Hai Malakal, hapa Juba, ganda la boti ya mashindano. Si boti ya kupanda mtu. Ni boti ya mfano iliyotengenezwa kwa faibaglasi, urefu wake mita moja na sentimita kumi, na huendeshwa kwa redio na mtu aliyesimama ukingoni. Ndani yake hamkuwa na kitu ila matundu ya skrubu na harufu ya rangi. Ujumbe wa binamu ulikuwa mfupi: atakuja Desemba, tuchague injini moja, ataigharimia yeye, na tukikosea hakuna ya pili.

Tulikuwa vijana watano na tuligawanyika siku hiyohiyo. Mmoja alitaka mota ya umeme. Wanne tulitaka injini ya nitro, ile ndogo inayolia kama nyuki aliyekasirika na kuzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Hakuna aliyetaja petroli. Insha hii inaeleza jinsi nilivyobadili msimamo. Sikubadilishwa na video za mashindano, ambazo tulizitazama hadi bando likaisha. Nilibadilishwa na swali la babu yangu, na historia niliyolazimika kuisoma ili nimjibu.

Babu yangu, ambaye sisi humwita Jidu kama wanavyosema watu wa Juba, alizaliwa Malakal. Aliajiriwa mwaka 1966 kuwa msaidizi wa fundi katika meli za mtoni zilizosafiri kati ya Kosti na Juba, safari ya zaidi ya kilomita 1,400. Kazi hiyo aliiacha vita vilipoifunga njia ya mto katika miaka ya 1980. Alihamia Juba mwaka 2014, baada ya Malakal kuharibiwa, na anapenda kusema kwamba amehama Malakal akafikia Malakal, maana jina la mtaa wetu ni hilohilo. Tulipomwonyesha picha za injini ya nitro kwenye simu, aliziangalia kwa makini, akaisifu kazi ya mashine, kisha akauliza: "Mafuta utayapata wapi?"

Tulicheka. Tulidhani ni swali la mzee asiyejua intaneti.

Kwanza nieleze injini yenyewe. Jina nitro linadanganya kidogo. Kwa kawaida sehemu kubwa ya mafuta yake ni methanoli, yaani alkoholi ya viwandani, iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi ya nyonyo, kisha ikaongezwa nitromethani. Nguvu yake inatokana na hesabu rahisi ya hewa. Kuchoma gramu moja ya petroli kunahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Gramu moja ya methanoli inahitaji karibu gramu 6.5, na nitromethani inahitaji 1.7 tu, kwa kuwa imebeba oksijeni yake ndani. Kwa hiyo silinda ndogo ya sisi 3.5 au 11, ambayo haiwezi kuvuta hewa nyingi, inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa kila mzunguko. Inakuwa kama mtu mwenye tumbo dogo aliyepewa chakula kizito. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ni kwamba injini inakunywa sana, na tangi linaisha baada ya dakika chache.

Injini hii haina koili wala betri ya kurusha cheche. Ina plagi yenye waya mwembamba wenye platini. Waya hupashwa moto kwa betri ya nje wakati wa kuwasha tu, kisha betri inaondolewa, na methanoli yenyewe inapokutana na platini huendelea kuufanya waya uwe mwekundu. Plagi ya namna hii iliingizwa sokoni Marekani na Ray Arden mwaka 1947. Kabla yake, katika miaka ya 1930, injini za mifano zilitumia petroli, na kila chombo kilibeba koili, kondensa na betri. Uzito huo ulikuwa mzigo mkubwa kwa kitu kidogo. Plagi ya Arden iliuondoa mara moja, na petroli ikakaribia kusahaulika katika mchezo huu kwa miaka mingi.

Vitabu na majarida ya mchezo huu husimulia hatua hiyo kama ushindi wa teknolojia bora dhidi ya duni. Nami niliisoma hivyo mwanzoni. Lakini ukiuliza swali la Jidu, simulizi inabadilika. Plagi ya Arden ilishinda katika nchi ambayo mtu angeweza kuingia dukani akanunua chupa ya methanoli iliyokwisha kuchanganywa. Sehemu ya injini ilikuwa dukani. Ukiichukua injini peke yake ukaiacha ile chupa, umechukua nusu ya mashine.

Nikiwa na wazo hilo nilirudi kwenye historia ya mto wetu, ambayo tunafundishwa kama historia ya magavana na mipaka, na nadra sana kama historia ya injini. Gondokoro iko ng'ambo ya mto, karibu na Juba. Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive Ismail wa Misri, aliondoka Khartoum mwaka 1870 akazuiwa na magugu ya Sudd, akarudi nyuma, akajaribu tena na kufika Gondokoro mwezi Aprili 1871. Katika mizigo yake kulikuwa na meli za mvuke zilizotengenezwa Uingereza zikiwa vipande vipande: moja ya tani 251, moja ya tani 108, na moja ya tani 38, pamoja na mashua mbili za chuma. Shabaha ilikuwa kuzifikisha Ziwa Albert. Tatizo lilikuwa maporomoko yaliyo kusini mwa hapa. Meli haipiti pale. Ni lazima ifunguliwe, ibebwe na watu, iungwe upya juu ya maporomoko.

Meli ya tani 108 iliungwa Gondokoro na mafundi wa Baker, ikaitwa Khedive. Baker aliondoka kabla haijaliona ziwa. Aliyefuata, Charles Gordon, gavana wa Ikweta kuanzia 1874 hadi 1876, ndiye aliyesukuma kazi ya kuvusha vyombo juu ya maporomoko, na mwaka 1876 Romolo Gessi aliizunguka Ziwa Albert. Lakini hakwenda kwa meli ya mvuke. Alikwenda kwa zile mashua za chuma, kwa matanga na makasia, kwa sababu ndizo zilizokuwa tayari. Hapa nilisimama kidogo. Miaka sita ya jasho la wapagazi, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika, na chombo kilichofika kwanza kilikuwa kile kisicho na injini.

Hata hivyo, meli za mvuke zilipofika juu zilidumu. Khedive na ile ndogo, Nyanza, ziliendelea kufanya kazi chini ya Emin Pasha katika miaka ya 1880, wakati njia ya Khartoum ilipokatwa na vita vya Mahdi na hakuna kipuri wala risasi iliyopanda kutoka kaskazini. Injini ilikatiwa kila kitu ikaendelea kuzunguka, kwa sababu mafuta yake yalikuwa kuni, na kuni zilikuwa ukingoni. Mvuke una kasoro nyingi: boila ni nzito, maji huchukua muda kuchemka, na nguvu ni ndogo kwa uzito wake. Mhandisi anayetazama karatasi tu angeikataa. Jidu aliponisikia nikisoma sehemu hii alisema alipokuwa mtoto bado kulikuwa na vituo vya kuni ukingoni, na kwamba wazee walijua meli imefika karibu kwa kusikia mashoka kabla ya honi. Sina namna ya kulithibitisha hilo kwa maandishi. Naliandika kwa sababu ni ushahidi wa mtu.

Kuna upande mwingine wa historia, nao nisiufiche, kwa sababu uliwapa nguvu wenzangu wa nitro. Ni kisa cha boti mbili za Kiingereza zilizoitwa Mimi na Toutou, na kati ya visa vyote vya Afrika Mashariki sijapata kingine kinachofanana zaidi na boti yetu ya mashindano.

Mwaka 1915 Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika kwa meli za mvuke. Kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, ilikuwa imejengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa makasha kupitia Dar es Salaam hadi Kigoma, na kuzinduliwa hapo mwaka huohuo wa 1915. Waingereza walijibu kwa kitu tofauti kabisa: boti mbili za mbao zenye urefu wa futi 40, zilizotengenezwa na Thornycroft, kila moja ikiwa na injini mbili za petroli za nguvu-farasi 100 kila moja. Zilikuwa ndogo na nyepesi. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Kongo, zikavutwa na matrekta ya mvuke juu ya milima ya Mitumba, zikaingia tena kwenye treni na mto Lualaba, hadi zikafika ziwani. Njia ilikatwa porini na madaraja yakajengwa kwa ajili ya boti mbili. Petroli nayo ilibidi isafiri.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, na boti za petroli zilikuwa na mwendo wa kutosha kuizunguka na kuijia kutoka nyuma. Tarehe 9 Februari 1916 kundi hilohilo la Waingereza liliizamisha Hedwig von Wissmann. Mwendo ulishinda. Rafiki yangu aliyeongoza upande wa nitro aliposikia habari hii alipiga meza: "Umejijibu mwenyewe!"

Nilikaa na hoja hiyo siku kadhaa, kwa sababu ni hoja nzuri. Mwishowe niliona kwamba Mimi na Toutou hazikuchaguliwa na watu wa ziwani. Zilichaguliwa London na dola iliyokuwa tayari kulipa gharama yoyote kwa muda mfupi, na kuleta kila tone la petroli kutoka nje. Zilikuwa chombo cha kazi moja. Na ile meli nzito ya mvuke? Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, baada ya kupaka injini zake grisi kwa makusudi. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na iliendelea kubeba watu na dagaa kwa mvuke hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Injini za haraka zilishinda siku mbili za mapigano. Ile ya polepole ilifanya kazi nusu karne. Kuuliza ipi bora bila kusema bora kwa nani na kwa muda gani ni kupoteza wakati wa darasa.

Basi nikaanza kulitafuta jibu la Jidu kwa miguu. Methanoli na nitromethani ni vimiminika vinavyowaka, kwa hiyo binamu hawezi kuviweka kwenye begi la ndege. Rafiki niliyesoma naye Kakuma, ambaye sasa yuko Nairobi, alizunguka siku mbili kwa ajili yangu. Methanoli aliipata kwa wauza kemikali za maabara. Nitromethani hakuipata, na muuzaji mmoja alimuuliza kwa sauti ya chini anaitakia nini. Swali hilo lina sababu yake: nitromethani inaweza kutumika kutengeneza vilipuzi, na Umoja wa Ulaya, tangu 2021, haumruhusu mtu wa kawaida asiye na leseni kumiliki mchanganyiko wenye zaidi ya asilimia 16. Nikajiona nimesimama kwenye kizuizi cha barabarani Nimule, nikimweleza askari kwamba chupa hii ni ya boti ya kuchezea.

Lakini kilichoamua hakikuwa askari wala bei. Kilikuwa methanoli yenyewe. Ni kimiminika cheupe kama maji, na harufu yake inakaribia ya pombe kali. Kiasi kidogo tu kikinywewa kinaweza kumpofusha mtu, na kikizidi kinaua. Ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani vizuri. Mama yangu anauza chai mbele ya nyumba, watoto wa majirani wanaingia na kutoka, na katika njia yetu kuna nyumba zaidi ya moja zinazopika araki. Huku kwetu chupa ya plastiki haitupwi. Inaoshwa, inatumika tena, inaazimwa. Nilimweleza Mama kila kitu kama nilivyokisoma, nikitumaini atauliza kuhusu kufuli. Hakuuliza. Alisema, "Kitu kinachofanana na maji hakilali nyumbani kwangu." Nilipowarudishia wenzangu maneno hayo, wawili walinyamaza. Kila mmoja wetu anamjua mtu mtaani ambaye hunywa kwanza na kuuliza baadaye.

Kuhusu yule aliyetaka umeme, nakiri hatukumtendea haki. Boti ya kwanza kabisa kuendeshwa kwa redio, ile ambayo Nikola Tesla aliionyesha New York mwaka 1898, ilikuwa ya betri. Tulimkatalia kwa sababu umeme wa mtaani kwetu una tabia zake, na, tuseme kweli, kwa sababu mota haipigi kelele.

Ikabaki petroli, ileile iliyofukuzwa mwaka 1947. Ilikuwa imerudi katika mchezo huu kwa mlango wa nyuma, kupitia mashine za kukata nyasi. Kampuni ya Zenoah ya Japani, kwa mfano, ina injini ya boti ya sisi 25.4 ambayo ni ndugu wa mashine hizo. Inajitengenezea cheche yake kwa sumaku ya kwenye gurudumu, kwa hiyo koili na betri nzito za zamani hazihitajiki tena. Inawashwa kwa kuvuta kamba, silinda inapozwa kwa maji yanayochotwa kwenye usukani, na inakunywa petroli iliyochanganywa na oili ya tustroku. Ni nzito mara kadhaa kuliko nitro na mizunguko yake ni michache. Ganda letu lilitengenezwa kwa injini nyepesi ya sisi 11, kwa hiyo ingebidi tukate sehemu ya kitako cha injini na kuisogeza nyuma ili pua isizame. Fundi wa pikipiki wa jirani alisema hiyo ni kazi ya jioni mbili. Ilikuwa ya wiki tatu.

Petroli ya Juba nayo ina historia ya ajabu. Nchi yetu inachimba mafuta ghafi, yanapita kwenye bomba kwenda Port Sudan, na petroli tunayotumia inaletwa kwa malori kutoka upande wa Mombasa, kupitia barabara ya Juba hadi Nimule yenye kilomita 192, iliyokamilika kuwekwa lami mwaka 2012. Barabara ikifungwa, foleni zinaonekana. Kwa hiyo sidai kwamba petroli ni ya kwetu kama kuni zilivyokuwa za Khedive. Nadai tu kwamba inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, kila mtu anaijua kwa rangi na harufu, na hakuna atakayeinywa kwa bahati mbaya.

Tulipiga kura. Petroli ilipata tatu, nitro mbili. Binamu alicheka kwenye simu, akasema tumechagua punda badala ya farasi, kisha akalipa.

Siku ya kwanza mtoni ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Tuliomba ruhusa kwanza, kwa sababu kijana mwenye kifaa cha redio ukingoni mwa mto huu anaweza kueleweka vibaya, na tulikaa mbali na daraja. Jidu alibebewa kiti. Injini ilikataa mara tisa, ikakubali ya kumi. Boti ilikwenda vizuri, polepole kuliko zile za kwenye video, ikiinua pua kila ilipokata mkondo. Dakika ya nne au ya tano gugu-maji liliziba tundu la kuchota maji, injini ikapata joto, ikazima, na Nile ikaanza kuichukua boti yetu kuelekea Sudd.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akipita na mtumbwi wenye mashine ya nyuma aliifuata akaileta. Tulimuuliza tumlipe kiasi gani. Alitazama dumu letu, akafungua kifuniko, akanusa.

"Ina oili tayari?" aliuliza.

Tukamwambia ndiyo. Akamimina lita moja kwenye tangi lake, akaivuta kamba, akaenda zake.